Wasiojua, Mkono wa Kushoto

Jumanne, 8 Julai

Chuo kimetupa daftari la tafakuri, tulijaze kila Ijumaa kwa maneno ya adabu: leo nimejifunza umuhimu wa zana, leo nimeshirikisha wanafunzi. Nitalijaza. Lakini hili ni kaunta buku langu mwenyewe, nimelinunua jana mtaani kwetu Mwembesongo kwenye duka la jirani yetu, na humu nitasema ninavyotaka.

La kwanza: baridi ya huku milimani haina huruma. Nimevaa sweta mbili na meno bado yanagongana. Bodaboda zilitushusha mimi na Oscar pale barabara inapoishia, tukapanda kwa miguu saa nzima na mabegi yetu, ukungu umeshuka mpaka huoni unapokanyaga. Oscar nasoma naye chuo kimoja. Ni kijana wa mtaa wa Mafiga, mrefu, mdomo haufungwi. Njia nzima ananiambia, "Shaki, wiki nane tu hizi. Tunakula bata, tunarudi mjini."

Wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Mkufunzi atakuja mara mbili kutukagua tukiwa darasani. Ukifeli mara ya kwanza unaonywa. Ukifeli na ya pili, unarudia mwaka mzima. Na mimi nyumbani nimeshaitwa mwalimu tangu siku nilipopata barua ya chuo! Mama amewatangazia mpaka wauza mkaa.

Nimepangiwa Hisabati, darasa la tatu. Mimi, Shakila, niliyevuka Hisabati ya kidato cha nne kwa D na dua za bibi. Watoto siwaogopi, nina wadogo zangu watano. Ninachoogopa ni kuulizwa mbele ya watu kitu nisichokijua.

Jumatano, 9 Julai

Nakaa kwa Mama Josephina, mjane mwenye mashamba ya njegere na kabichi, na mabanda mawili ya nguruwe. Jana alinipokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo," akauona ushungi wangu, akacheka mwenyewe. "Nisamehe mwanangu, mdomo umezoea." Leo nimekuta jikoni sufuria mpya, karatasi ya dukani haijabanduliwa. "Hiyo ni yako peke yako," akaniambia. "Haijawahi kukutana na yule mnyama wetu." Nimesema asante mara tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Mwalimu mlezi wangu ni Mwalimu Anselmi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ndiye mwenye Hisabati ya darasa la tatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akanikabidhi boksi la chaki. Basi. Oscar kapewa mlezi anayecheka mpaka machozi. Mimi nimepewa ukuta uliovaa koti.

Jumatatu, 14 Julai

Somo langu la kwanza.

Andalio la somo niliandika kurasa tatu, kila dakika na kazi yake. Niliingia, nikaandika tarehe ubaoni, nikageuka. Watoto arobaini na mmoja wamesimama, wananiangalia. Sauti ikakata. Haikukwama, ilikata kabisa, kama bomba la mtaani kwetu. Nilisimama pale na chaki yangu, nikasikia jogoo wa Mama Josephina kutoka ng'ambo ya korongo.

Kisha mtoto mmoja wa dawati la mbele, mwenye pengo la meno mawili, akanionea huruma. "Mwalimu," akasema taratibu, "sema hamjambo."

Darasa lilicheka mpaka vumbi likatimka. Nikasema hamjambo. Wakaitikia hatujambo, shikamoo mwalimu, na siku ikaendelea kwa namna fulani. Huyo mtoto anaitwa Upendo.

Somo lilikuwa kugawanya na kupata baki. Nikiuliza, "Mmeelewa?" wanaitikia "Ndiyooo!" mpaka mabati yanatikisika. Nikiuliza swali lenyewe, mikono mitatu. Nilipokusanya madaftari nilikuta vurugu tupu. Mwalimu Anselmi alikaa benchi la nyuma muda wote, kisha akainuka akaondoka.

Jumanne, 15 Julai

Manyunyu. Mikono mitatu.

Jumatano, 16 Julai

Manyunyu. Mikono minne, ila mmoja alikuwa anaomba kwenda chooni.

Ijumaa, 18 Julai

Mwalimu mkuu ametuita ofisini: Alhamisi ijayo anakuja Madamu Judith. Madamu Judith ndiye mkufunzi aliyewafelisha wenzetu saba wa mwaka jana, na inasemekana hajawahi kukagua darasa huku akitazama simu.

Oscar akanivuta pembeni. "Tulia. Ipo dawa. Unawaambia watoto, kila swali wote mikono juu. Anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wewe unachagua wa kulia tu. Mkaguzi anaona msitu wa mikono, anaandika ushirikishwaji asilimia mia. Kaka yangu alipita hivyo hivyo."

Nikamuuliza, na akigundua?

"Nani anahesabu mikono ya kushoto, Shaki?"

Jumatatu, 21 Julai

Nimewapanga. Wameupenda mchezo kuliko mpira. Walinyoosha mikono kwa nguvu zote, wengine wakasimama juu ya mabenchi. Kwa mara ya kwanza nimesimama mbele ya darasa bila woga. Mwalimu Anselmi alikuwa nyuma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nimechukulia kwamba ameridhika.

Alhamisi, 24 Julai

Niandike yote, hata kama mkono unauma.

Madamu Judith alifika saa mbili asubuhi, buti zimejaa tope, akakaa nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani. Nikaanza. Na nilifundisha! Sauti ilitoka, chaki haikukatika, na kila nilipouliza mikono arobaini na mmoja ikapaa. Nachagua wa kulia, jibu sahihi, makofi. Nachagua wa kulia mwingine, jibu sahihi, makofi. Nikaanza kujiona. Nikatembea katikati ya madawati mikono nyuma, kama nimezaliwa na cheti.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, Madamu akainuka. "Mwalimu Shakila, naomba nimuulize mmoja."

Akamwelekea Upendo, ambaye mkono wake ulikuwa juu mpaka makalio yameachana na benchi. "Wewe binti. Ishirini na tatu gawanya kwa tano, unapata ngapi?"

"Mimi sijui, Madamu," akasema Upendo.

"Hujui? Na umenyoosha mkono?"

"Nimenyoosha wa kushoto," Upendo akamweleza, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Wa kulia ndio wanaojua. Sisi wa kushoto hatujui. Mwalimu ametufundisha."

Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Ahaa," akasema Madamu. "Basi wa kushoto hebu nyoosheni nione." Na watoto wangu, watiifu kupita kiasi, wakanyoosha. Akahesabu kwa kidole, benchi kwa benchi, hana haraka. Ishirini na tisa.

Ofisini hakunifokea. Ningefokewa ningekuwa na la kujitetea. Alisema, "Mchezo huo naujua, hata sisi tuliucheza. Hauniumizi. Kinachoniumiza ni hiki: watoto ishirini na tisa wamekuambia hawajui. Wamekuambia kila swali, kwa mkono mzima. Uliwaona, Shakila. Na ulikuwa unatabasamu."

Alama thelathini na nane. Kupita ni hamsini.

Oscar ametumia mchezo huo huo, saa moja baadaye, darasa la nne. Sabini na moja. Kwake Madamu hakuuliza mtoto yeyote. Amekuja kunipa pole na nimemfungia mlango.

Jumamosi, 26 Julai

Jana sikwenda shule. Nilimwambia Mama Josephina tumbo linaniuma, akanichemshia mchaichai, akakaa kitandani kwangu ananiangalia ninavyokunywa. "Mficha uchi hazai," akasema, akatoka.

Leo nimekwenda pembeni ya kanisa, ndipo mtandao unapopatikana, nikampigia mama.

"Mama, nimefeli. Nataka kurudi nyumbani."

"Rudi. Kitanda chako kipo."

Nikamweleza na habari ya mikono, maana mama humfichi kitu. Nyuma yake nasikia wateja wake wa vitenge wanabishana.

"Rudi," akasema tena. "Ila wakiniuliza hapa mtaani nitawaambia ukweli. Nitasema mwanangu alidanganya, akakamatwa, akakimbia. Sitakutungia uongo wa pili juu ya ule wa kwanza."

Nikakata simu. Mama yangu huyu! Wenzangu wana mama wa kuwabembeleza. Nililia pale pembeni ya kanisa, masista wawili wakapita wakanisalimia kwa adabu kana kwamba kulia pale ni jambo la kila Jumamosi.

Nimefikiri mpaka jua limetoka, na huku jua kutoka ni kazi. Siondoki.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeingia darasani na ujasiri wangu wa kuazima. Nimeuliza swali. Hakuna mkono. Wa kulia hakuna, wa kushoto hakuna. Upendo ameikalia mikono yake yote miwili.

Mapumziko nikamwita. Alisimama anachimba udongo kwa kidole gumba cha mguu.

"Mbona leo hunyooshi?"

Akaendelea kuchimba.

"Upendo, mwanangu."

"Nimekufelisha, mwalimu," akasema. Watoto wa darasa la sita walisikiliza dirishani pa ofisi siku ile, wakasambaza shule nzima. "Ningenyoosha wa kulia usingefeli."

Ana miaka tisa. Alilibeba hilo siku nne.

Jumanne, 29 Julai

Nimewaomba radhi. Darasa zima, nimesimama mbele, nimeweka chaki chini. Nikasema Upendo hakunifelisha, hakuna aliyenifelisha; mimi mwalimu wenu niliwafundisha kudanganya mgeni, na niliona kwamba hamjui nikawapita. Nisameheni. Sitawadanganya tena, nyinyi wala mtu mwingine mbele yenu.

Hawakujua wafanye nini. Huku mtu mzima hamwombi radhi mtoto. Mmoja akaanza kupiga makofi, kwa sababu kwao mwalimu akimaliza kusema hupigiwa makofi, na wote wakafuata.

Kisha nikasema: mikono inabaki vile vile. Anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Ila kuanzia leo naanza na wa kushoto.

Kushoto: thelathini na moja. Wawili zaidi ya siku ile! Angalau sasa ni kweli.

Habari zilifika ofisini kabla yangu. Mwalimu mkuu akaniita mbele ya wenzake. "Mwalimu haombi radhi kwa wanafunzi. Watakupanda kichwani." Nikasema nimekuelewa mwalimu mkuu. Sikusema sitarudia.

Nikatoka nje, Mwalimu Anselmi akanifuata. Ndipo kwa mara ya kwanza ukuta ukazungumza.

"Nilikuona unawapanga," akasema. "Nikanyamaza. Unajua kwa nini?"

"Hapana, mwalimu."

"Mchezo ule ni wangu. Nilipoanza kazi nilipangiwa Kisaki, kule reli inakopita. Wakaguzi walikuja na treni. Ukisikia honi, una nusu saa ya kuwapanga watoto. Miaka sita sikuwahi kukamatwa." Akatazama bonde. "Ningekuambia nini?"

Nikamwambia nilidhani ananidharau. Akashangaa kweli kweli.

"Mimi? Mtaala mpya umekuja, nyinyi mmesomeshwa chuoni, mimi nimepewa kitabu nijisomee. Nilipoambiwa naletewa mwanachuo, nilikosa usingizi. Nilijua umekuja kunikagua."

Tulicheka, ila si sana. Mimi nimekuwa nikimwogopa yeye, kumbe yeye ananiogopa mimi, na watoto katikati hawajui kugawanya.

Alhamisi, 31 Julai

Kushoto: ishirini na sita. Wanaobaki nakaa nao nusu saa baada ya kengele, tunagawanya maharage ya Mama Josephina kwenye vifuniko vya soda.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku ya soko. Nusu ya darasa haipo, wameshuka mjini na wazazi wao, kabichi kichwani. Nimejaza daftari la tafakuri: "Nimejifunza umuhimu wa zana." Safari hii ni kweli.

Jumatatu, 4 Agosti

Kushoto: ishirini na saba. Waliokuwa sokoni Ijumaa wamekosa somo. Tumerudia kutoka mwanzo, na nitarudia tena kesho ikibidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo limenikuta lile nililoliogopa tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa ubaoni, arobaini na saba gawanya kwa sita. Nikaandika saba, baki nne, nikaendelea kuongea. Nikageuka, Upendo kanyoosha wa kushoto.

"Hujui nini, Upendo?"

"Hapo kwenye nne."

Nikaanza kumweleza, kwa kujiamini kabisa: sita mara saba ni arobaini na mbili, toa kwenye arobaini na saba inabaki... Na nikaona. Tano. Damu ilinipanda usoni. Mwezi uliopita ningefuta haraka na kusema nilikuwa nawapima. Maneno yenyewe yalishafika ulimini: nilikuwa nawapima! Nikayameza.

"Nimekosea," nikasema. "Ni tano. Upendo ameniona."

Nikasubiri mbingu zianguke. Wakaandika tano, wakaendelea. Hakuna aliyenipanda kichwani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu ya wakulima. Shule imefungwa. Nimefua, nimelala, nimekula njegere.

Jumanne, 12 Agosti

Oscar amekuja jioni, akakaa kwenye jiwe nje ya kwa Mama Josephina. Hapigi mluzi kama kawaida yake. Shule imetoa jaribio la kati ya muhula na darasa lake la nne limepita watoto sita kati ya thelathini na wanane.

"Mimi sabini na moja, watoto wangu sita," akasema. "Shaki, mimi kila siku naingia pale natetemeka. Naongea sana ili wasipate nafasi ya kuniuliza."

Wiki tano nilizomwonea wivu huyu! Nimemkaribisha ndani. Nimemwonyesha habari ya vifuniko vya soda, akaondoka na mfuko wa maharage. Wangu wamepita ishirini na wanne.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Kijiji kizima kanisani. Mama Josephina kanichinjia kuku, kamwita mzee mmoja Mwislamu wa kijiji cha chini apande kuja kumchinja ili nile kwa amani. Mzee kapanda mlima wote kwa ajili ya kuku mmoja. Wamemlisha, hakulalamika.

Jumatano, 20 Agosti

Kushoto: kumi na moja. Mwalimu Anselmi haketi tena nyuma. Anavua koti, anachukua watano, mimi sita. Leo nimemsikia akimwambia mtoto, "Hapo hata mimi ilinisumbua." Sikugeuka, ila nilisikia.

Jumatatu, 25 Agosti

Kushoto: wanne. Upendo yuko kulia wiki ya pili sasa. Tumebakiza wiki hii tu.

Jumatano, 27 Agosti

Leo.

Hakuja Madamu Judith. Alikuja Mwalimu Rogers, mkufunzi mwembamba mwenye fomu na saa ya mkononi, bila taarifa. Oscar alinikimbilia langoni: "Rudia somo la Jumatatu, wanalijua lote, unapita kama maji!" Nikamwambia leo ratiba ni mafumbo ya kugawanya, hawajawahi kuyaona, na nitafundisha mafumbo ya kugawanya. Akanitazama kama mwendawazimu. Kisha akasema, "Haya, dada. Mungu akusaidie."

Nikaanza. Mama ana karoti hamsini na tatu, anafunga mafungu ya sita sita, yatakuwa mafungu mangapi, na ngapi zitabaki? Mikono juu. Kushoto wengi, zaidi ya nusu. Nilitegemea, somo ni jipya. Mwalimu Rogers akaandika kitu. Nikaanza na wa kushoto, kama kawaida yetu. Tukachora mafungu, tukahesabu pamoja. Nikauliza tena. Kushoto kumi na tano. Tukarudia. Kushoto tisa.

Nikarudia kwa njia nyingine. Tisa.

Vifuniko vya soda. Tisa wale wale, Upendo mmoja wao! Nyuso zimetulia kama wako misani. Sikuelewa. Upendo anagawanya usingizini. Jasho likanitoka kwenye baridi ile.

Mwalimu Rogers akatazama saa. Andalio langu lilisema dakika ile niwe nimeshatoa zoezi, nisahihishe, nihitimishe. Fomu yake ina kisanduku kwa kila hatua. Nikipita mbele, visanduku vinajaa. Nikisimama, vinabaki vitupu, na mwaka wangu mzima uko humo ndani ya visanduku. Nilimfikiria mama na wauza mkaa wake wote.

Nikaligeuza andalio kifudifudi mezani. Nikawapa wa kulia maswali matano wafanye kimya, nikawaita wale tisa mbele, tukakaa chini sakafuni duara, nikaanza upya kutoka kwenye karoti ya kwanza. Kengele ikagongwa tukiwa bado chini.

Ofisini Mwalimu Rogers alisoma fomu yake kwa sauti. "Usahihishaji haupo. Hitimisho halipo. Hukumaliza somo."

"Ndiyo, mwalimu. Sikumaliza."

"Kwa nini?"

"Tisa walikuwa hawajaelewa."

"Wangeelewa kesho."

"Kesho ndiyo nitamaliza nao," nikasema. Sauti haikutetemeka. Nashangaa mpaka sasa ninavyoandika. "Ila leo waliniambia hawajui, nisingeweza kuwapita."

Akaweka kalamu chini. "Madamu Judith alinituma niangalie jambo moja tu. Aliniambia, tazama akiona mkono wa kushoto anafanya nini. Ungewapita wale tisa, nilikuwa nimeshakuandikia arobaini."

Ameniandikia sitini na nne.

Nimefaulu. Nimefaulu! Nimempigia mama pembeni ya kanisa, akapiga kigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Oscar naye kapata sitini na sita, anasema hajawahi kuifanyia kazi alama yoyote kama hiyo. Mwalimu Anselmi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Hongera, mwalimu mwenzangu." Kesho asubuhi namalizana na wale tisa, Ijumaa tunashuka.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimewaita wale tisa kabla ya paredi. Nikawapa mafumbo kumi ubaoni, magumu, nikijua tutakaa nayo asubuhi nzima.

Upendo kamaliza baada ya dakika chache. Yote sahihi. Akafuata mwingine, yote sahihi. Wa tatu, wa nne. Wote tisa, yote sahihi, mpaka baki.

Nikashika kiuno. "Jana hamjui, leo mnajua?"

Wakaangaliana. Mmoja akaanza kulia kabla hata ya kuulizwa.

"Upendo."

"Tulikuwa tunajua, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu pale ulipochora mafungu."

"Sasa mkono wa kushoto wa nini?"

Akavuta pumzi, akaitoa habari yote kwa mkupuo. Jumatatu walimsikia Mwalimu Anselmi akimwambia mwenzake kwamba Shakila akifaulu safari hii ndiyo anaondoka. Yeye Upendo akakumbuka: mara ya kwanza alinyoosha wa kushoto, mwalimu akafeli, na mwalimu akabaki. Basi akawatafuta hawa wanane, wakakubaliana nyuma ya choo. Wakinyoosha wa kushoto mpaka mwisho, mwalimu atafeli tena. Atabaki.

Nilikaa kwenye dawati la mbele. Watoto hawa walitaka nirudie mwaka! Nikawagombeza. Nikasema mkono wa kushoto si wa uongo, tulikubaliana nini sisi, mnataka mwalimu mwingine aje asiwaamini? Niliwagombeza kwa nguvu zote na huku machozi yananidondokea kwenye ushungi, na nadhani hakuna aliyeogopa.

"Kwa hiyo," Upendo akauliza, "umefeli?"

Nyuso tisa zinasubiri. Ningeweza kusema lolote. Lakini niliwaahidi.

"Nimefaulu," nikawaambia. "Na nimefaulu kwa sababu yenu. Mkufunzi alitaka kuona kama nitasimama kwa ajili ya mikono yenu ile tisa. Msingenyoosha wa kushoto, pengine asingekuwa na cha kuona."

Nje wenzao walikuwa wanajipanga mstarini. Upendo akaifikiria habari hiyo kwa muda, anahesabu kimoyomoyo kama anavyofanya kwenye hesabu ngumu, kisha akainua uso.

"Kumbe," akasema, "tungenyoosha wa kulia."